Kosa Moja kwa Ajili ya Wageni

Tangu nirudi kutoka Maskati sijapata kununua hata fungu la mchicha kwa amani. Kila ninayepishana naye sokoni anataka kujua Nasra alipiga vipi, alikosea au hakukosea, na mama yangu alisema nini. Bi Mwanakhamis peke yake ndiye aliyeuliza kama nimemletea udi, na namshukuru, maana swali lake lina jibu fupi: ndiyo. Nyinyi wengine nawaandikia, kwa sababu habari hii haisimuliki kwa kusimama njiani na kikapu mkononi.

Unguja: ahadi mbili, kinywa kimoja

Nasra ni binti wa kaka yangu. Ana miaka tisa. Tangu yuko mdogo akisikia wimbo mara moja huurudisha kwenye kinanda, na sasa anapiga piano kiasi ambacho hata mimi hunyamaza, na kuninyamazisha mimi si kazi ndogo. Alipokuwa na miaka minne walikuja wageni nyumbani, akawapigia, wakamsifu kila mtu kwa lake, na asiwepo hata mmoja aliyesema mashaallah. Usiku ule mtoto akashikwa na homa. Mama yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Bibi Zuhura, alimsomea, akamfukiza, na homa ilipopoa akapitisha sheria. Mbele ya wageni Nasra apige, lakini atie kosa moja. Kitu kikitimia mno, alisema, huita macho ya watu. Kosa hilo liwe kama doa la wanja tunalompaka mtoto mchanga kwenye paji la uso. Akiwa na Bibi peke yake, ndipo apige sawasawa.

Nasra aliichukua sheria ile kama mchezo. Kila wageni wakija hutafuta mahali papya pa kukosea, na hakuna siku aliyosahau.

Kisha mwalimu wake wa muziki, Mwalimu Fadhili, akamsimulia maisha ya yule mtunzi mkubwa wa Austria aliyepiga mbele ya wafalme kabla hajamaliza kung'oka meno ya utoto. Jina lake mnalijua. Nasra alirudi nyumbani akamhadithia Bibi yote: baba alivyowapakia yeye na dada yake kwenye gari la farasi wakazunguka nchi za Ulaya, wakubwa walivyofunika piano kwa kitambaa waone kama atapiga bila ya kuziona funguo, naye akapiga. Ndui ikamkuta utotoni, safarini. Alipokuwa kijana, mama yake akafia Paris, mbali na kwao. Na mwenyewe akafa hajafika makamo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akakiweka chini kisu cha mboga.

"Mtoto wa watu," alisema. "Na wazee wake hawakumtia hata doa?"

Tangu hapo nyumbani kwetu mtunzi yule hana jina jingine. Ni Mtoto wa Watu, na maradhi yaliyomuua, Bibi anayajua, ni macho ya watu, ingawa madaktari bado wanabishana.

Basi ikaja habari kwamba chuo kimoja cha muziki Maskati kinatafuta mtoto mmoja wa kumsomesha, na mwalimu wa kike kutoka huko huko Austria atawasikiliza watoto kwenye ukumbi wa hoteli kubwa ya Bustan. Mke wa kaka yangu alikuwa karibu kujifungua, kwa hiyo safari ikaniangukia mimi. Mwalimu Fadhili alinivuta pembeni akaniambia kuwa kosa moja tu pale, nafasi inakwenda kwa mwengine, na nafasi kama ile mtoto haioni mara mbili. Akaniomba nimuahidi. Nikamuahidi. Jioni mama akanishika mkono. "Asha, huko wote wageni," aliniambia. "Kosa lisisahauliwe." Nikamuahidi na yeye. Najua mtasema nini, lakini mngekuwa nyinyi, mngemkatalia nani?

Nairobi: ukungu

Nairobi tulitakiwa tubadilishe ndege tu. Ukungu ukashuka uwanjani mpaka ndege iliyo mbele ya dirisha tukaiona mkia bila kichwa, na abiria wote tukapelekwa hotelini tungoje. Nilikuwa na mikate ya kumimina na samaki wa kukaanga kwenye mkoba, na nawaambieni ukweli, nusu ya abiria walijua tulipo bila ya kutuona.

Chakula cha hotelini kilikuwa kizuri, ila ugali wao umekakamaa, unaweza kuukalia. Niliomba chai, nikaletewa iliyopikwa na maziwa. Nikasema nataka ya rangi, ikaja ile ile, safari hii na sukari nyingi zaidi, kwa kunihurumia. Aliyeniokoa ni dada mmoja wa Kikenya, Wanjiru, ambaye naye alikuwa anangoja ndege yetu. Anafanya kazi mapokezi kwenye hoteli ile ile ya Bustan tuliyokuwa tunaiendea, na alikuwa anarudi kutoka likizo. Nilipomwambia tunakwenda kufanya nini, akamtazama Nasra juu hadi chini na kuuliza kama mtoto huyu mdogo kweli anajua piano au ni mambo ya wazazi tu.

Pale ukumbini palikuwa na piano. Nasra hakungoja niseme lolote. Alipanda kwenye kiti, akaanza kipande cha Mtoto wa Watu anachokipenda kuliko vyote, na watu wakaanza kusogea, hata mpishi akatoka na kofia yake. Katikati, kosa likaja. Kidole kilikwenda kisikostahili kwenda, nikafumba macho. Wageni wakapiga makofi.

Wanjiru anaimba kwaya kanisani kwake, kwa hiyo sikio analo. "Auntie, huyu mtoto ni moto," aliniambia. "Lakini pale katikati aliteleza. Na sijui alirudi aje, hata sikuona alirudia wapi."

Nikasema ni uchovu wa safari.

"Sijachoka," Nasra alisema. "Hawa ni wageni."

Ikabidi nimweleze Wanjiru jambo lote. Nilidhani atacheka, na kweli alianza kucheka, kisha akaacha. Akasema bibi yake huko Nyeri hakubali wajukuu wake wahesabiwe. Ukimuuliza wako wangapi, anakwambia kula kwanza. Tukakubaliana kuwa dunia imejaa mabibi, na tukala samaki wangu.

Angani

Ukungu ulipoondoka tukaruka. Nimepanda ndege mara chache na kila mara huwa nashika mikono ya kiti kana kwamba mimi ndiye ninayeiinua. Nilipoanza kupumua nikaona huu ndio wakati wa kufanya siasa. Nikamuuliza Nasra kama hawezi, siku ile moja tu, kupiga bila ya kosa.

Akasema Bibi atamuuliza akirudi, na yeye Bibi hamdanganyi.

Nikamshauri kosa tulipeleke kwengine. Avae viatu vya rangi mbili, au baibui lake dogo alivae ndani nje, jicho litue huko. Alilifikiria hilo kwa muda. Kisha akasema hilo litakuwa kosa la viatu, na wageni hawaji kusikiliza viatu. Mimi ni mwalimu wa watoto wa skuli na sijawahi kushindwa hoja kwa upole namna ile.

Baadaye, akiwa ameegemea dirisha, aliniuliza kitu ambacho bado kinanikaa kifuani.

"Shangazi, yule dada yake Mtoto wa Watu alikuwa anapiga kama yeye. Walizunguka wote. Halafu alipokuwa mkubwa akabakishwa nyumbani. Nani alisema abaki?"

Nikamwambia ni baba yake, na mila za wakati ule.

"Yeye aliulizwa?"

Nilimwambia sijui. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtoto huyu, aliyekuwa akienda kama anayepelekwa tu, anaitaka nafasi ile kwa moyo wake wote. Nilimuonea huruma, na nikajionea huruma mwenyewe na ahadi zangu mbili.

Ghubra

Maskati tulipokewa na Ami Salim, binamu wa marehemu baba yangu. Amestaafu kazi ya serikali lakini hajastaafu kuamrisha. Alitupakia kwenye gari lenye baridi ya kuhifadhia nyama, na hata hatujatoka kwenye barabara ya uwanjani alikwishauliza habari za watu wa Unguja wote, wazima na waliokufa.

Nyumbani kwake Ghubra, mkewe Bi Thuraya alikuwa ametandika sufuria mpaka mlangoni. Bokoboko, wali wa nazi, mchuzi wa papa, na juu ya hayo halwa na kahawa. Nilisema nimeshiba, akanipakulia. Nilisema wallahi nimeshiba, akasema basi onja hiki tu, na hiki chenyewe kilikuwa sahani nzima. Kiswahili chake ni cha Unguja ya zamani, cha mama zetu, na kila akikasirika anahamia Kiarabu, akipoa anarudi.

Jioni wakaja jamaa. Walijaa sebuleni, wanawake upande huu, wanaume barazani, milango wazi, na ikatolewa kinanda cha umeme cha wajukuu. Nasra akapiga. Kosa likaja, safari hii karibu na mwanzo, na baada yake mkono ukazunguka zunguka ndio ukarejea. Chumba kizima kikasema mashaallah. Nasra alikuwa amekingwa mara mbili, na mimi nilikuwa nimebakiwa na kesho tu.

Asubuhi, kwenye chai, nikalitoa jambo lote mezani. Ami Salim alisema huu ni upuuzi. Imtihani ni imtihani, khalas, mtoto apige sawasawa apate nafasi yake. Bi Thuraya alisema mama yangu ana haki, na aliyemkosoa mama yangu hajui alisemalo. Wakabishana mpaka mkate ukapoa. Mwishowe Ami akachukua simu, akampigia mama, akaiweka sauti tuisikie wote.

"Zuhura, hii kazi ya kisasa," alimwambia. "Hapana husuda kwenye imtihani."

"Salim," mama alisema, "ulipopandishwa cheo kule wizarani, ulimwambia nani?"

Ami Salim akatazama kikombe chake.

"Nakuuliza. Nnasikia hata Thuraya hukumwambia."

"Sikumwambia mtu," Ami alisema, "mpaka niliposhakaa kwenye kiti."

"Basi mie mjukuu wangu hajakaa bado," mama alisema, akatusalimia wote, akakata simu.

Bi Thuraya alicheka mpaka akajifunika uso kwa mtandio wake. Ami aliondoka kwenda kuwasha gari.

Al Khuwair, ambako hatukuwa na haja ya kufika

Kutoka Ghubra kwenda Bustan mtu mwenye haraka anakwenda moja kwa moja. Ami Salim alikata kuingia Al Khuwair. Alisema ni njiani. Nikamwambia hata mimi mgeni naona si njiani. Akasema haiwezekani aje mtu kutoka kwao asimpitishe ofisini kwake kwa zamani kusalimia, watu watasema nini. Nikamkumbusha saa. Akasema dakika tu, neno ambalo huko halina uhusiano na saa.

Ofisini wakatukalisha. Ikaja tende, ikaja kahawa. Wazee wawili walizaliwa Ng'ambo ya Unguja kama mimi na walitaka kujua nani anaishi wapi siku hizi. Nilipomaliza kikombe, kijana mwenye birika akanitilia kingine, nikanywa kwa adabu, akanitilia kingine. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio, sijui kwa kahawa au kwa hofu. Kwetu kuacha kahawa ndani ya kikombe ni kumvunjia mtu heshima, basi nikaendelea kunywa, na kadiri nilivyokunywa ndivyo alivyonitilia.

"Shangazi," Nasra aliniambia kwa sauti ndogo, "tikisa kikombe."

Yeye alikuwa amewatazama wenzangu wanavyokitikisa wakitosheka, mimi nilikuwa mdomo tu. Nikatikisa, kijana akaondoka na birika, na sisi tukaondoka. Barabara kuu ilikuwa imejaa magari ya watu wa maofisi, hayasogei. Nilimwambia Ami Salim maneno ambayo siku nyingine nitamuomba radhi. Yeye alikuwa anasoma Ayatul Kursi, na mkono wake wa kulia ulikuwa nyuma, juu ya kichwa cha Nasra.

Bustan

Tulifika zamu ya Nasra imekwishapita. Aliyekuwa mapokezi ni Wanjiru, amevaa sare yake, na alipotuona alinyanyua mkono kabla sijaanza kulia. Jina la mtoto liliposomwa yeye alikwenda akamwambia mwalimu kuwa mtoto anatoka mbali, wamuweke wa mwisho. Nilimkumbatia mbele ya watu wote, na nikajua nimempata mdogo wangu.

Mwalimu mwenyewe alikuwa mama wa makamo, mwembamba, miwani yake ameitundika kifuani. Ami Salim alikwenda kutafuta pa kuweka gari, hivyo Wanjiru akaombwa aingie kutafsiri. Mlangoni Nasra aliniangalia usoni.

"Shangazi, nitie au nisitie?"

Nikazikumbuka ahadi zangu mbili. Nikamtazama yule mtoto aliyeniuliza nani alisema dada abaki. Nikaona watu wote tumemsemea, Mwalimu Fadhili, mama, Ami, mimi mwenyewe.

"Mikono ni yako, mwanangu," nilimwambia. "Wewe unataka nini?"

Alikwenda akakaa kwenye piano.

Alipiga kama sijawahi kumsikia. Nilianza kufikiri kwamba amechagua kupiga sawasawa, na nikafurahi, na papo hapo nikamuonea uchungu mama. Kisha kosa likaja. Lilikuwa kubwa, katikati ya ukumbi mtupu, hata mimi nililijua. Lakini mkono haukukimbilia kurudi. Ulilishika lile kosa, ukalirudia mara ya pili kama lilikusudiwa, ukapita nalo chochoro nisiyoijua, na tulipotokea upande wa pili tulikuwa nyumbani. Machozi yalinitoka. Nilidhani ninalilia nafasi iliyopotea.

Mwalimu akavaa miwani, akamwambia arudie. Nasra akarudia, kosa likaja mahali pengine, na njia ya kurudi ikawa nyengine. Mwalimu akamwambia arudie tena. Mara ya tatu yule mama alikuwa ameshasimama, amekuja mpaka pembeni ya piano, anatazama vidole. Akauliza kwa nini.

Wanjiru akatafsiri. Nasra akamwambia kosa ni la wageni, amri ya Bibi.

"Na unavyotoka kwenye kosa, umefundishwa na nani?"

"Natafuta mwenyewe," Nasra alisema. "Nikiliacha peke yake linasikitisha."

Mwalimu alikaa kwenye kiti cha watazamaji kama mtu aliyechoka ghafla. Alizungumza kwa muda, na Wanjiru akawa anatafsiri huku sauti yake inamkatika. Alisema watoto wanaopiga bila ya kosa amewasikia wengi, asubuhi ile tu amewasikia kadhaa. Huyu tangu udogo wake amekuwa akitunga bila ya mtu kumwambia kuwa anatunga. Yeye anamtaka huyu. Kisha akauliza kama nyumbani wataruhusu.

Nikamwambia Wanjiru amwambie kwamba kwetu kuna mtihani mmoja umebaki, na msimamizi wake ni mkali zaidi.

Nyumbani

Safari ya kurudi haikuwa na visa, isipokuwa halwa ya Bi Thuraya iliyotaka kiti chake mwenyewe ndegeni. Njia nzima nilitunga maneno ya kumwambia mama. Kaka yangu alitupokea na habari ya mtoto wa kiume, na nilipomwambia habari yetu, alifurahi, kisha akasema yeye anaafiki, lakini bila ya mama kukubali Nasra haendi. Nilijua atasema hivyo. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo.

Mama alikuwa chumbani kwake, ameshawatoa watu wote. Hakuuliza habari za Maskati. Alimwambia Nasra akae kwenye kinanda, apige. Mimi nilibaki mlangoni, kwa sababu mimi si mgeni wala si mwalikwa.

Nasra akaanza kile kipande cha siku zote. Mama anakijua chote, ingawa hajawahi kugusa hata ufunguo mmoja. Alikuwa anakifuata kwa kidole juu ya goti. Katikati kidole kikasimama.

"Umekosea," alisema. "Humu ndani mna mgeni gani?"

Nasra alitoa mikono kwenye kinanda. Nilimuona mama, uso wake umebadilika, na nikafahamu alichokuwa anakiogopa tangu siku ya kwanza. Katika dunia nzima ni yeye peke yake aliyekuwa akisikia wimbo mzima, na sasa alidhani ameingizwa kwenye hesabu ya wageni.

"Hamna mgeni, Bibi," Nasra alisema. "Hili si kosa. Hili nimelitia mwenyewe. Langu."

"Lako?"

"Langu. Hakuna aliyelisikia bado, hata mwalimu wa kule. Nimelitunga ndegeni."

Mama akamwambia alirudie. Nasra akarudia. Mama akamwambia alirudie tena, na mara hii kidole chake kikaanza kulifuata lile jipya juu ya goti, kikipotea hapa na kikipata pale. Alikuwa analia. Mama yangu si mtu wa kulia, na mimi nililia pamoja naye kule mlangoni, kwa furaha na kwa mengine.

Nasra alipomaliza, mama alimvuta, akamsomea kichwani, akampulizia uso mzima. Kisha bila ya kunigeukia, kama anayejua muda wote kuwa nipo, akanambia:

"Asha, mfungie sanduku. Na zile kanga zangu mbili nzito mtilie, mana nnasikia ndani ya nyumba za kule mna baridi ya mashine."